MHAFIDHINA NI NANI, NA MLIBERALI NI NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika semina ya elimu ya uraia)



Tumeombwa tuzungumze juu ya maneno mawili yanayozidi kusikika katika mijadala yetu: mliberali na mhafidhina. Vijana wetu wamekutana na karatasi za maswali ya kujipima siasa. Mtu hujibu ndiyo au la, hujumlisha alama zake, kisha huambiwa yeye ni nani. Wengine wamerudi kwetu wakiuliza: je, sisi wanamageuzi tumo katika kundi gani? Swali hilo ni jema, kwani asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Lakini kabla ya kukubali kubandikwa jina, hatuna budi kujua jina lenyewe limetoka wapi.

Neno liberali, kwa maana ya kundi la siasa, lilianza Uhispania katika baraza lililokutana mjini Cádiz na kutunga katiba ya mwaka 1812. Walioitwa hivyo walitaka mamlaka ya mfalme yawekewe mipaka kwa sheria iliyoandikwa. Neno la pili lilipata nguvu Ufaransa mwaka 1818, Chateaubriand alipoanzisha gazeti la Le Conservateur kuwatetea wafuasi wa ufalme. Huko Uingereza, chama cha Conservative kilijulikana kwa jina hilo katika miaka ya 1830, na chama cha Liberal kikaundwa mwaka 1859.

Tukiyapembua maneno haya, tunapata fikira mbili ambazo kila moja ina heshima yake. Mliberali huanza na mtu mmoja mmoja. Huuliza: ni nani anayemzuia mtu huyu asiseme, asiabudu, asifanye biashara, asichague? Mhafidhina huanza na jamii iliyomlea mtu huyo. Huuliza: ni mila gani, taasisi gani na amana gani zitakazovunjika tukibadili mambo kwa pupa? Wahenga wetu walimsemea mhafidhina waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao. Tena ni wao hao waliosema: penye wengi pana mengi. Kwa hiyo mvutano huu si mgeni kwetu. Umo katika kila baraza la wazee na katika kila nyumba yenye kijana.

Taabu huanza maneno haya yanaposafiri. Uingereza ya karne ya 19, waliberali walipigania biashara huru na serikali ndogo. Marekani, tangu enzi ya Franklin Roosevelt aliyeshika urais mwaka 1933, mliberali amekuwa yule anayetaka serikali imsaidie mzee, maskini na asiye na kazi. Australia, chama kinachoitwa Liberal, kilichoundwa mwaka 1944, ndicho chama cha upande wa wahafidhina. Na huko Moscow, mwezi Agosti mwaka 1991, walioitwa wahafidhina walikuwa wakomunisti waliojaribu kumpindua Gorbachev. Jina lile lile limewahi kuvaliwa na mtetezi wa soko na kwingine na adui wa soko. Tusishangae basi likimkanganya mwananchi wa Kisumu au wa Garissa.

Sasa tuyatazame hayo maswali ya kujipima. Jaribio linalojulikana sana lilitungwa Marekani mwaka 1985 na Marshall Fritz, kwa kufuata mchoro wa David Nolan, mmoja wa waanzilishi wa chama cha Libertarian. Lina maswali kumi: matano juu ya uhuru wa mtu binafsi, matano juu ya uchumi. Tukubali kwamba limefanya jambo moja jema. Limewaonyesha watu kwamba mstari mmoja wa kushoto na kulia hautoshi, kwa kuwa mtu aweza kutaka uhuru wa kusema na papo hapo akataka serikali isimamie bei ya unga.

Lakini tuangalie lilivyojengwa. Kila swali limepangwa hivi kwamba anayekubali huwa amekubali kuipunguza serikali. Kila swali lina alama sawa, hata kama moja ni jambo la kufa na kupona kwako na jingine hulijali kamwe. Wala halina nafasi ya kusema, “Nakubali, lakini kwa sharti hili.” Aliyetunga maswali alikuwa na safari yake, naye amechora ramani inayoelekea kwake. Si dhambi, ila msafiri na ajue.

Tuchukue mfano mmoja. Jaribio hilo huuliza kama ni vyema nchi isiwe na kitambulisho cha taifa. Kwa Mmarekani anayeogopa jicho la serikali, kusema ndiyo ni kutetea uhuru. Mlete swali hilo mzee wetu anayekumbuka kipande. Sheria ya mkoloni ya mwaka 1915 iliwalazimu wanaume Waafrika kubeba karatasi zenye alama za vidole na habari za kazi zao, karatasi ambazo wengi walizivaa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Mzee huyo naye atasema: kiondoke! Kisha mlete swali lile lile Mkenya wa asili ya Kisomali aliyepitia ukaguzi wa mwaka 1989, alipotakiwa kuthibitisha uraia wake na kubeba kadi ya pili juu ya ile ya kwanza. Au Mnubi aliyehojiwa na kamati, kwa miaka mingi, kabla ya kupewa haki aliyopewa jirani yake bila maswali. Huyo atasema: nipeni kitambulisho, maana bila hicho sipigi kura, siajiriwi, sihesabiki! Je, huyu ni adui wa uhuru? Jaribio litamnyima alama. Sisi tunasema amedai uhuru ule ule kwa njia ambayo mtunzi wa maswali hakuifikiria.

Ndugu wananchi, historia yetu inatufunza jambo kubwa zaidi. Mwaka 1982 Bunge liliingiza katika katiba kifungu cha 2A, nayo nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1988 tulipangwa mlolongo nyuma ya wagombea, na aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kupingwa. Hilo nalo lilikuwa jaribio la swali moja, na mwenye kuhesabu ndiye aliyekuwa na jibu. Mwezi Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani kwa sababu ya kudai vyama vingi. Mwaka uliofuata, Matiba, tajiri wa biashara na waziri wa zamani, akawa katika FORD pamoja na Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mtetezi wa wasio na ardhi tangu siku za KPU. Wape wawili hao karatasi ya maswali ya uchumi, nayo itawatenga pembe mbili. Lakini walisimama jukwaa moja kwa kuwa kulikuwa na swali lililotangulia yote: je, wananchi waweza kuiondoa serikali bila damu kumwagika? Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Hilo ndilo swali ambalo majaribio haya hayaulizi. Yanakuuliza ungependa serikali ifanye nini. Hayakuulizi serikali ipatikane vipi, izuiwe na nani, na iondoke lini. Wapo wahafidhina waliolinda mahakama huru, na wapo waliolinda minyororo. Wapo waliberali waliowafungua watu, na wapo waliolisifu soko huku waandishi wakiwa gerezani. Jina halikutueleza ni yupi.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba tofauti za fikira hazina maana. Muungano wa FORD ulivunjika mwaka 1992 kabla ya uchaguzi wa tarehe 29 Desemba, na KANU ikashinda urais kwa kura zilizozidi theluthi moja kwa kiasi kidogo tu. Waliokubaliana juu ya mlango hawakuwa wamekubaliana juu ya nyumba, wala juu ya nani atangulie kuingia. Vyama visivyosema wazi vinaamini nini huishia kuwa vyama vya watu na makabila.

Kwa hiyo tunawaomba msiyakatae maneno haya, bali myaulize maswali. Anayekuja kwenu akisema yeye ni mhafidhina, mwambieni: unahifadhi nini, na ni mali ya nani? Anayesema yeye ni mliberali, mwambieni: unamfungua nani, kutoka mikononi mwa nani? Na wote wawili waulizwe: ukishindwa katika uchaguzi, utaondoka? Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 imeweka haki ya kumiliki mali katika kifungu cha 40, na haki ya afya, chakula na elimu katika kifungu cha 43. Vifungu hivyo viwili vinaishi katika kitabu kimoja kwa sababu Wakenya wanaishi katika nchi moja.

Karatasi ya maswali ikikufikia, ijibu ukipenda, na ucheke na wenzako. Lakini usiiache ikuambie wewe ni nani. Chukua kalamu, uandike maswali yako mwenyewe, uyapeleke kwa mwenye kuomba kura yako, na usubiri jibu akiwa amesimama mbele yako.