Jino la Miaka Sita



Huko Muthurwa, mashariki ya kituo cha reli cha Nairobi, Reli ya Kenya na Uganda ilijenga landhi za wafanyakazi wake wa Kiafrika wakati wa ukoloni. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja, na bomba la maji lilikuwa la watu wote. Mtu alipopiga mswaki penye bomba, watoto walimtazama na kujifunza. Sasa kando ya landhi pana soko kubwa na stendi ya matatu. Mtoto aendapo shule hupita kati ya miwa, mandazi na peremende.

Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha ganda la jino. Mate huiondoa, walakini kazi hiyo yahitaji karibu nusu saa. Kwa hiyo mtu anywaye vikombe viwili vya chai ya sukari pamoja na chakula chake ana nafuu kuliko yule aonjaye kikombe kimoja kidogo kidogo asubuhi nzima. Usiku mate hupungua. Ndiyo sababu mswaki wa kabla ya kulala hupita ule wa asubuhi kwa faida, ingawa wengi huuacha huo kwa uchovu.

Juu ya mswaki wa mti, hapana aibu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utumike mahali ulipo desturi. Hutafunwa ncha mpaka iwe nyuzi, kisha husuguliwa polepole tangu ufizi hata ncha ya jino. Dawa ya meno yenye floraidi huongeza ulinzi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hata sita, kiasi cha mbegu ya njegere, naye aitemate.

Wako pia wenye meno ya rangi ya kahawia, hasa waliokulia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Huo si uchafu. Ni floraidi iliyozidi katika maji waliyokunywa utotoni, na kusugua kwa mchanga au makaa hakuiondoi, ila hukwaruza jino bure.

Lakini kosa lililo kubwa kupita yote hufanywa na wazazi wenye mapenzi mema. Mtoto afikapo miaka sita hivi, huota jino pana nyuma ya meno yote ya utotoni, wala hapana jino lililong'oka kulipisha. Mzazi hudhani ni la maziwa, akasema, "Likioza litang'oka, litaota jingine." Haliji jingine. Jino hilo ni la kudumu.

Basi mzazi na amsimamishe mtoto mlangoni penye mwanga, afumbue kinywa chake, ahesabu kuanzia katikati ya taya: jino la sita kila upande, juu na chini, ndilo lenyewe. Mzazi alisugue mwenyewe mpaka mtoto afikapo miaka saba au minane, kwa kuwa mkono wa mtoto haufiki vema huko nyuma. Likionekana doa jeusi au tundu, mtoto apelekwe kwa daktari wa meno kabla halijauma, maana tundu dogo huzibwa, na jino likabaki.