Nakala Kwanza, Toleo Jipya Baadaye

Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kutoa toleo jipya la Windows 10. Siku nne baadaye ikalisitisha: baadhi ya watumiaji walikuta nyaraka na picha zao zimefutika.

Waathirika walikuwa wachache, lakini aliyepoteza picha za harusi hafarijiwi na uchache huo. Chanzo kilikuwa folda zilizohamishiwa mahali pengine. Programu ilifuta zile za awali, hata zilizobaki na mafaili ndani. Novemba 13 toleo lilirudi likiwa limerekebishwa.

Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na wengi wanahamia Windows 11. Kwao somo ni lilelile: nakala ya mafaili iwekwe kwenye diski ya nje, ijaribiwe kwa kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine, kisha diski ichomolewe kabla usakinishaji haujaanza.