Gari Kuukuu Lililopungua Vyombo

Leo nataka tuzungumze habari ya gari kuukuu. Nasema lile lililokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba ya mtu. Halina magurudumu, kuku wanataga ndani yake, na mwenyewe anakuambia, "Lichukue kwa bei ya kutupa, ukalitengeneze." Shikeni daftari na kalamu, maana somo la leo lina hesabu.

Nitachukua mfano wa Landrova, kwa sababu ndilo gari nililolinunua mimi. Landrova ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948 mjini Amsterdam. Ilitengenezwa Solihull, Uingereza. Wakati ule vita vikuu vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma kiligawiwa kwa kipimo. Basi watengenezaji wakatumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Lakini chasisi, yaani uti wa mgongo unaobeba injini na bodi, ni ya chuma.

Shikeni sana jambo hilo. Alumini haili kutu kama chuma. Mnunuzi huzunguka gari, hugonga mlango, hupapasa madigadi, akaona yote safi. Moyo wake hufurahi. Kumbe chini chasisi imekwisha, matope yamekaa ndani yake miaka mingi na kuila polepole.

Mimi niliponzwa hivyo hivyo, tena nina diploma. Miaka sita iliyopita nilinunua Landrova ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, kwa shilingi 2,000,000. Fedha hizo mimi na mke wangu tuliziweka kwa ajili ya kuezeka nyumba. Mwenye gari alikuwa mzee mpole, akanikaribisha chai. Gari lilikuwa limefunguliwa vipande vipande. Nikamwuliza, "Vyombo vingine viko wapi, Mzee?" Akanionyesha magunia matatu, akasema, "Vyote vimo humo, mwanangu." Nami sikuyamwaga yale magunia. Niliona haya kumpekua mtu aliyenipa chai.

Nilipofika nyumbani nikayamwaga uani. Mlikuwa na dinamo mbili, wala hamkuwa na stata. Mlikuwa na mabolti ya kutosha kujaza debe, na mguu wa cherehani. Giaboksi hapana. Rejeta hapana. Propela ya nyuma hapana.

Sasa andikeni. Bei ya gari, 2,000,000. Lori la kulibeba, 300,000. Giaboksi kuukuu, 1,200,000. Fundi wa kuchomelea chasisi, 700,000. Magurudumu matano, 900,000. Stata, rejeta na propela, 800,000. Jumlisheni.

Mwalimu awape nafasi kidogo.

Mmepata 5,900,000. Na gari lilikuwa bado halijawaka. Wakati ule ule mtu wa mtaa wa pili alikuwa akiuza Landrova nzima, inayotembea, kwa shilingi 6,000,000. Mke wangu aliisoma jumla ile mara mbili, akanirudishia daftari bila kusema neno. Mvua za mwaka ule tulizipokea kwa ndoo na sufuria.

Kwa hiyo, ukienda kutazama gari la namna hii, usianze kuhesabu kilichopo. Hesabu kisichokuwapo. Andika orodha nyumbani kabla hujaondoka, injini mpaka kioo cha taa, ukifika weka alama mbele ya kila kitu ulichokiona kwa macho na kukigusa kwa mkono. Kilichobaki bila alama, kaulize bei yake dukani au kwa wauza spea kuukuu, kama wale wa Gerezani, Dar es Salaam. Spea za Landrova za zamani bado hutengenezwa na kuuzwa, ingawa aina niliyonunua iliacha kutengenezwa mwaka 1985. Utakapokuwa umejua jumla, ndipo urudi kwa mwenye gari. Naye akikasirika kwa sababu unaandika, mwache na gari lake.

Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Lala chini, igonge chasisi, hasa nyuma kabisa na mahali springi zinaposhikiwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na bisibisi huzama. Ukikuta chasisi imepakwa rangi mpya nzito, gonga zaidi.

Injini nayo, ijaribu kuizungusha. Landrova hizo zina tundu mbele, katika bampa, la kupitishia hendeli. Ikiwa ni ya petroli, ondoa plagi zote, tia oili kidogo katika kila silinda, ngoja, kisha zungusha taratibu. Isipozunguka, usiilazimishe, lakini usiilipe kama injini nzima. Chomoa na kile kijiti cha kupimia oili. Ikiwa oili ni nyeupe kama uji wa maziwa, maji yameingia.

Vitu vikubwa, kama giaboksi, vinajulikana kwa jina na vinauzwa. Vinavyomchosha mtu ni vidogo. Kishikizo cha pedeli, kipande cha bati cha kushikia bomba, nati ya kipimo chake peke yake: hivyo hata jina la kumwambia mwenye duka hulijui. Basi ukifungua chochote katika gari lako, weka mabolti yake katika kopo na uandike juu ya kopo: "Mlango wa kushoto", "Stata", "Springi ya nyuma, kulia". Nimeona mafundi hodari wakipoteza siku nzima kutafuta bolti waliyoifungua wenyewe. Wewe uliyejifunza kuandika mwaka huu unaweza kuwashinda katika jambo hili.

Halafu kadi ya gari. Namba ya chasisi iliyo katika kadi iwe ndiyo ile iliyo katika gari, namba kwa namba. Isome mwenyewe, usisomewe. Lisilo na kadi ni spea, nalo linunuliwe kwa bei ya spea.

Mtaniuliza kama gari langu liliwaka. Liliwaka, katika mwaka wa nne, likatoa moshi mwingi hata jirani akaja na maji. Sasa linatembea, ila linavuja oili.

Kazi yenu ya juma hili: nendeni kwenye gari lolote mtakaloruhusiwa kulitazama, andikeni majina ya vyombo ishirini, kwa jina mnalolitumia hapo kwenu. Mwalimu atayasahihisha. Kwaherini.