Mguu Mmoja Ukiwa Baridi



Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Julai baridi ya Usambara haina mchezo. Ndiyo maana mtu akilalamika mguu, jibu huwa tayari: ni baridi yabisi. Huchuliwa mafuta, hukandwa maji ya moto, kisha hungojwa kuche.

Mimi leo nawaomba tutenganishe mambo mawili. Baridi yabisi huja polepole na hukaa kwenye viungo. Maumivu makali yanayozuka ghafla katika mguu mmoja, au mkono mmoja, huenda yakawa na maana nyingine: mshipa unaopeleka damu umezibwa na donge. Mara nyingi donge hilo hutoka moyoni, hasa kwa mtu ambaye moyo wake hupiga bila mpango au vali zake zina kasoro.

Wewe uliye Dar es Salaam, ukipigiwa simu usiku kwamba mama kule Mtae au Mlalo analia mguu, muulize aliye naye maswali manne. Je, mguu huo ni baridi kuliko mwenzake? Umepauka? Una ganzi? Vidole vinakataa kusogea? Ikiwa maumivu yalianza ghafla, na jibu hata moja ni ndiyo, apelekwe hospitali usiku huo huo. Asichuliwe. Asikandwe maji ya moto, kwani ngozi iliyokosa damu huungua bila mwenyewe kuhisi.

Kwa nini haraka? Nyama iliyokosa damu kabisa huanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Hapo toa muda wa kufika Lushoto, toa kona za kushuka Mombo, kisha safari ya Bombo kule Tanga au KCMC Moshi. Hakibaki kitu cha kungojea basi la asubuhi.

Tiba ipo. Sindano ya heparini huzuia donge lisikue, na tangu mwaka 1963 madaktari wa upasuaji wana mrija mwembamba wenye puto, uliobuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty, wa kulivuta donge nje. Lakini mrija haufufui mguu uliokwisha kufa.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Hapa hukata mguu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.