Kifaa cha Mwanga Msulini: Tuulize Kabla ya Kulipa



Siku hizi vinauzwa vifaa vidogo vinavyofungwa pajani au kwenye shavu la mguu ili kupima oksijeni ya msuli wakati wa mazoezi. Kwa kuwa bei yake si ndogo, tumeona ni wajibu wetu kueleza kinachonunuliwa.

Aliyewahi kufumbata tochi gizani ameona vidole vyake vikiwaka wekundu. Mwanga hupenya nyama. Mwaka 1977 mwanasayansi Frans Jöbsis alionyesha kwamba mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, hupenya kiasi cha kutosha kupima oksijeni mwilini bila kutoboa ngozi. Damu yenye oksijeni hufyonza mwanga huo tofauti na damu iliyokwisha kuitoa. Kifaa hupima mwanga unaorudi, kisha hukadiria asilimia. Msuli ukitumia oksijeni haraka kuliko inavyoletwa, namba hushuka, ukipumzika, hupanda.

Hata hivyo, makadirio hayo yana mipaka. Kwanza, mwanga hufika kina cha takriban nusu ya umbali uliopo kati ya taa na kipokezi. Umbali ukiwa sentimita 3, kina ni kama sentimita 1.5. Kwa mwenye mafuta mengi chini ya ngozi, kifaa huenda kikapima mafuta zaidi ya msuli.

Pili, rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Utafiti uliochapishwa Marekani Desemba 2020 ulihusu vifaa vya kidoleni vinavyopima oksijeni ya damu hospitalini. Ulibaini kwamba upungufu wa oksijeni ulipita bila kugunduliwa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kifaa cha msuli si hicho, lakini sisi wenye ngozi nyeusi tuna kila sababu ya kumwuliza muuzaji: kilijaribiwa kwa watu wa ngozi gani?

Tatu, mkanda uliolegea au jua linalopenya pembeni huvuruga vipimo.

Kwa hiyo tunashauri mambo haya. Tudai maelezo ya maandishi kuhusu majaribio ya kifaa, dhamana na risiti. Tukifunge mahali palepale kila mara, na kila mtu ajilinganishe na vipimo vyake vya jana, si na vya jirani. Tusikubali ahadi kwamba kitagundua maradhi, ikiwa hakikuidhinishwa kwa kazi hiyo.

La mwisho ndilo kubwa. Kifaa hiki huchungulia sehemu ndogo ya msuli mmoja, hakiuoni moyo. Mtu akibanwa na kifua, akiishiwa pumzi kupita kawaida au akihisi kizunguzungu, aache mazoezi na awahi hospitali, hata kama namba ni nzuri. Mwili ukilalamika, tuusikilize kwanza.