Kabati la Vitabu Upare: Mapenzi ya Kitabu Kilichochapwa na Kazi ya Mkusanyaji

Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kitabu kiliitwa chuo. Krapf aliliingiza neno hilo kwa maana hiyo katika kamusi yake iliyotoka London mwaka 1882, na hadi leo msomi aliyebobea huitwa mwanachuoni, ingawa wengi wanaolitumia neno hili hudhani kuwa linatokana na jengo la shule. Mapenzi ya kitabu, basi, hayakuletwa juzi katika lugha hii. Kilichokuja baadaye ni mtambo wa kuchapa, na pamoja nao aina mpya ya mpenzi wa vitabu: yule asiyetosheka kukisoma kitabu, bali hutaka kuwa nacho, akijue kimechapwa wapi, mwaka gani, na kimepita mikononi mwa nani.

Mhadhara huu unamhusu mtu huyo, na mfano wake mkuu unatoka Same na Milima ya Upare. Hoja yake ni kwamba nakala ya kitabu hubeba habari ambazo matini yenyewe haibebi. Kwa hiyo furaha ya mkusanyaji, ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa anasa au ubahili, ni sehemu ya utafiti wa Kiswahili.

Upare ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu kitabu kiliingia mapema huko, tena kwa njia zaidi ya moja. Mwaka 1903 wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walianza kazi Mamba, mahali walipopaita Friedenstal, yaani bonde la amani. Walutheri nao walikuwa na vituo na shule zao katika milima hiyohiyo. Mmoja wa Waadventista hao, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu huko Berlin mwaka 1909, kisha mwaka 1922 kitabu juu ya mila za Wapare. Vyote viwili aliviandika kwa Kijerumani. Lugha ya akina mama wa Suji na Mbaga iliingia katika maandishi ya kitaalamu kwa mlango ambao wao wenyewe hawakuweza kuufungua.

Hapo ndipo kabati la mpenzi wa vitabu wa Upare linapoanza kuvutia. Mwenye nia ya kukusanya yaliyochapwa juu ya milima hii hawezi kujifungia katika lugha moja. Kando ya Kotz ataweka kazi za Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mzaliwa wa Upare, aliyefariki mwaka 2018. Kitabu chake juu ya historia ya siasa ya Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900 kilitolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1969, nacho kilijengwa hasa juu ya masimulizi ya wazee, yaliyokusanywa kijiji kwa kijiji. Mwaka 1971 kikafuata kijitabu chembamba juu ya Mbiru, yaani upinzani dhidi ya kodi mpya iliyopangwa kwa kadiri ya mali ya mtu, uliowakusanya maelfu ya Wapare mjini Same mwaka 1945. Kitabu cha 1969 kina jalada na mgongo, husimama rafuni na kuonekana. Kijitabu cha 1971 hulala kati ya vitabu viwili vinene na kusahaulika. Mkusanyaji mzoefu huanza kutafuta pale palipo na vyembamba.

Kwa Kiswahili, jirani wa lazima ni Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Ni historia ya Usambara, lakini Mazinde ya Semboja haiko mbali na Upare, wala nguvu zake hazikuishia mpakani. Wamisionari wa Magila waliitoa kwa sehemu tatu, mwaka 1895, 1904 na 1907. Msomaji wa leo aghalabu huijua kwa toleo la East African Literature Bureau la mwaka 1962, lililohaririwa na J. W. T. Allen, ambalo ni kitabu kimoja kizima. Tofauti hiyo si ya jalada tu. Aliyenunua sehemu ya kwanza mwaka 1895 alingoja miaka tisa apate ya pili; alikuwa na hadithi isiyo na mwisho, na yumkini aliisoma hivyo, kama habari inayoendelea. Toleo la 1962 limeufuta mngojo huo. Anayeziona sehemu tatu zikiwa mbalimbali huufahamu kwa mara moja, bila kuelezwa na mtu.

Jambo kama hilo linaonekana kwa Shaaban Robert. Wasifu wa Siti binti Saad ulitoka mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kabla ya kuwa kitabu cha kujitegemea mikononi mwa wanafunzi wa sekondari. Pambo la Lugha kilichapwa Johannesburg mwaka 1948. Kusadikika kikachapwa na Nelson wa London mwaka 1951. Mwanafunzi mwenye matoleo mapya tu huenda akadhani kuwa mshairi huyu wa Tanga alikuwa na mchapishaji mmoja mlangoni pake. Kumbe miswada yake ilisafiri kutafuta mtambo wa kuichapa, kusini mwa Afrika na Ulaya.

Si kila kitu kilichapwa ili kidumu. Katika miaka ya 1950 Upare ilikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Habari za Upare. Lilisomwa, likapitishwa nyumba hadi nyumba, kisha likafanya kazi ambayo kila gazeti hufanya katika nchi hii: kufungia karanga. Riwaya za upelelezi za miaka ya 1970 na 1980 zilikumbwa na hatima hiyohiyo, hasa zilizochapwa kwa karatasi ya gazeti wakati karatasi ilipokuwa adimu nchini. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, imehifadhi mengi, lakini maktaba hupokea kitabu kikiwa kipya. Haiwezi kupokea kile ambacho mwalimu wa Gonja aliandika pambizoni miaka thelathini baadaye. Ikiwa mzee mmoja amekata kwa kalamu jina la mtawala katika nasaba iliyochapwa na kuandika jingine juu yake, nakala hiyo imekuwa ushahidi wa mgogoro wa ukoo. Wapenda usafi watasema imeharibiwa.

Hatari kubwa si mchwa. Ni matanga. Mwalimu mstaafu anapofariki, vyombo hugawanywa, shamba lina mwenyewe, lakini kabati la vitabu halina mrithi wa wazi. Wanawe wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam, katika nyumba za kupanga. Vitabu huuzwa kwa kilo au huachwa stoo. Baadhi hufika kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika, wanaovitandaza kando ya barabara za Dar es Salaam, na hapo mkusanyaji mwenye subira huona jina na mahali pa mmiliki wa kwanza kwenye ukurasa wa ndani. Furaha anayoipata wakati huo ni vigumu kumweleza asiye na ugonjwa huo. Bei huwa ndogo kuliko nauli ya basi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika suala hili walikuwa wakutubi. Kabati lisilo na orodha ni rundo la karatasi kwa yeyote atakayelirithi. Orodha inayotaja kichwa, mwaka, mchapishaji na mahali nakala ilikopatikana humwezesha hata mjukuu asiyependa kusoma kujua nini hakifai kuuzwa kwa kilo. Aidha, chuo kinachotaka kuandika historia ya uchapaji wa Kiswahili kingefaidika zaidi kwa kuzinakili orodha za namna hiyo majumbani kuliko kwa kungoja vitabu vyenyewe viletwe.

Kuhusu utunzaji, tambarare ya Same imejaliwa. Hewa yake kavu haileti ukungu kwa wepesi kama unyevu wa pwani au mawingu ya Shengena. Adui yake ni mchwa, na dawa ni rafu ya chuma iliyotengwa na ukuta. Gundi ya utepe isitumike kabisa kwenye ukurasa uliochanika, maana baada ya miaka michache hugeuka manjano na kuchukua maandishi. Anayetaka kuandika jina lake ndani ya nakala aandike kwa penseli. Hufutika, ni kweli, lakini haili karatasi kama ulivyokuwa wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma.