Santuri Mbili, Wimbo Mmoja

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kijitabu, leo twataka kuzungumza nanyi habari za starehe ambayo watu wengi huidhani kuwa ya wavivu, nayo ni kukaa pamoja na kusikiliza santuri. Lakini hatusemi juu ya kusikiliza tu, kwani kusikiliza tu hata aliyelala nusu huweza. Twasema juu ya kuweka santuri mbili au tatu za namna moja mbele ya watu wanaopenda muziki, kuzipiga moja baada ya nyingine, na kutafuta kwa masikio ni wapi zimepatana na ni wapi zimeachana.

Huku kwetu, kando ya Ziwa Nyasa upande wa kaskazini, gramafoni haikuja kwa njia moja. Meli zilizotia nanga Mwaya zilileta bidhaa za kila namna. Vijana waliokwenda kuchimba dhahabu Lupa, na wengine waliofika hata migodi ya Johannesburg, walitamani kurudi na kitu cha kuonekana, na gramafoni ilikuwa miongoni mwa vitu hivyo, pamoja na baiskeli na cherehani. Tena wamisionari walikuwa na muziki wao: Wamoravian waliofika Rungwe mwaka wa 1891, na Walutheri wa Berlin waliokaa Matema. Kwa hiyo sikio la mtu wa Kyela lilizoea mapema kusikia mambo mengi: ngoma za nyumbani, tenzi za kanisani, na sauti za mbali zitokazo katika sanduku.

Tuseme basi tumekaa barazani Ipinda, mwezi wa Aprili, mvua imefunga njia wala hakuna awezaye kwenda shambani. Mwenye gramafoni ameiweka mezani, amekwisha kutia ufunguo, na santuri ya kwanza ni ya Siti binti Saad wa Unguja. Kijana mmoja anasema, “Baba, sauti hii ni kavu, mimi siipendi.” Mzee aliye karibu naye anamjibu, “Mwanangu, ngoja kwanza ageuze upande wa pili, kisha useme.” Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, na sisi twamuunga mkono mzee, ingawa kijana naye hakukosa haki ya kusema lililo moyoni mwake.

Siti alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka wa 1880, mtoto wa watu maskini. Mwaka wa 1928 alivuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, ile ambayo santuri zake zilikuwa na picha ya mbwa akisikiliza pembe ya gramafoni. Nyimbo zile zilikuwa kwa Kiswahili, na santuri zikauzwa kwa maelfu, pwani na bara. Kampuni nyingine zilipoona faida hiyo zikaja nazo kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Siti alifariki mwaka wa 1950, na Shaaban Robert ameandika wasifu wake.

Sasa, mtu apataye kusikia santuri moja tu ya Siti atasema kwamba taarabu ndiyo hiyo. Lakini mwekee kando yake sauti ya Bi Kidude, naye ni wa Unguja, aliyeimba nyingi katika nyimbo za Siti mpaka uzee wake, akafariki mwaka wa 2013. Atashangaa. Siti huenda na nyuzi za udi na fidla kama mtu apitaye njia nyembamba asiyetaka kukanyaga majani. Bi Kidude huitoa sauti kifuani, pana na yenye mikwaruzo, na mara nyingi ngoma ndiyo humwongoza. Je, nani aliye bora? Sisi hatuna haraka ya kujibu, wala hatudhani kuwa jibu ndilo lenye maana. Lenye maana ni kwamba yule kijana wa Ipinda, akisha kusikia ya pili, hatasema tena “kavu”. Atatafuta neno jingine lililo sahihi zaidi, na huko kutafuta neno ndiko kujifunza kusikia.

Lakini yafaa kuonya jambo moja. Watu wengi hugombana juu ya waimbaji kumbe wanagombana juu ya mashine. Santuri za zamani zilikusudiwa kuzunguka mara 78 hivi kwa dakika moja. Chuma cha ndani kikilegea, zikazunguka mara 74 tu, wimbo wote hushuka karibu nusu sauti, na mwimbaji mwanamke huonekana mzito kuliko alivyokuwa. Njia ya kupima ni rahisi: bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani izungukayo, shika saa, uhesabu kinavyopita kwa nusu dakika. Kikipita mara 39, mambo ni sawa. Tena sindano ya chuma yapasa kubadilishwa kila upande mmoja wa santuri, maana iliyochakaa hukwaruza, na mkwaruzo ule hudhaniwa kuwa ni ukali wa mwimbaji. Hata leo, nyimbo hizi za kale zinapopatikana katika simu, kosa hili lipo: aliyezihamisha pengine hakupima mwendo. Sikio lililolinganisha litalijua kosa hilo upesi.

Tukitaka mfano ambao kila mwanafunzi wa Kyela aweza kuujaribu, tuuchukue wimbo anaouimba mstarini asubuhi. Sauti ya “Mungu Ibariki Afrika” ilitungwa mwaka wa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, aliyefariki mwaka wa 1905 bila kujua kazi yake itafika wapi. Yeye aliandika nyimbo zake kwa herufi za do, re, mi, kama walimu wengi wa shule za misheni. Mwaka wa 1923, huko London, Sol Plaatje, mwandishi na mmoja wa waanzilishi wa chama kikubwa cha Waafrika wa Afrika Kusini, aliuimba mbele ya pembe ya kunasia sauti, na mama mmoja, Sylvia Colenso, akampigia piano. Ndiyo santuri ya kwanza ya wimbo huo. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, sauti hiyo ikawa ya taifa letu kwa maneno ya Kiswahili, na nchi nyingine nazo zikaitumia.

Basi ilinganisheni. Plaatje anaimba peke yake, na kwa kuwa maikrofoni ilikuwa haijaanza kutumika katika kazi hiyo mpaka mwaka wa 1925, sauti yake yasikika nyembamba kama itokayo ng'ambo ya mto. Hana kwaya, na kwa sababu hiyo twasikia kitu ambacho mara nyingi hatukisikii: ule wimbo wenyewe, uchi, kama dua ya mtu mmoja. Kisha sikilizeni kwaya kubwa ya sauti nne, mahali pale ambapo sauti nzito za wanaume huwaitikia wenzao, na mwisho wa mistari hucheleweshwa kidogo ili watu wavute pumzi pamoja. Kisha sikilizeni bendi ya matarumbeta, ambayo huunyosha wimbo uwe na mwendo wa miguu. Herufi katika karatasi ni zile zile. Lakini karatasi haisemi pumzi ivutwe wapi, wala huzuni iwe kiasi gani. Sisi twaona kwamba bendi, pamoja na fahari yake yote, hupoteza ile dua. Mwingine atasema dua bila fahari haifai kwa taifa. Na ashike santuri yake aje tuzungumze.

Kazi hii si ya kwetu peke yetu. Huko Uingereza gazeti liitwalo The Gramophone lilianza mwaka wa 1923 kwa ajili ya watu wa namna hii hii, na vyama vya wapenzi wa santuri vilikutana jioni ili kulinganisha. Walichogombania sana ni muziki mkubwa wa Ulaya, kama ule wa Beethoven, Mjerumani aliyefariki mwaka wa 1827. Simfonia yake ya tano yachukua zaidi ya nusu saa, na santuri ya inchi 12 ilibeba dakika nne na kidogo kila upande. Arthur Nikisch alipoiongoza mjini Berlin mwaka wa 1913, iliwabidi kuikata katika pande nane, na msikilizaji akanyanyuka kila mara kugeuza. (Santuri za kazi moja ziliwekwa katika jalada kama kitabu cha picha, na hapo ndipo neno albamu lilipoingia katika muziki.) Baadaye Furtwängler aliiongoza mwaka wa 1937, na Toscanini mwaka wa 1939. Furtwängler huzivuta zile sauti za mwanzo kama mtu abishaye mlango akisubiri kujibiwa, Toscanini hasubiri. Watu wazima, wenye elimu, walinuniana kwa ajili ya jambo hilo.

Twayasema haya ili tufike kwetu, maana hapa ndipo penye uchungu. Ngoma za Wanyakyusa zilikuwa na mahali pakubwa katika maziko. Monica Wilson, aliyekaa na watu wa huku pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameandika jinsi wanaume walivyocheza kwa ngoma kwenye kilio, na jinsi huzuni ilivyogeuka polepole kuwa ujasiri. Neno lenye uzito ni hilo, polepole. Ngoma ya namna hiyo huchukua mchana mzima. Je, utaikata wapi ili iingie katika dakika tatu za santuri ya inchi 10? Ukichukua mwanzo, umepata kilio bila ujasiri. Ukichukua mwisho, mgeni atadhani ni arusi. Vivyo hivyo malipenga ya watu wa pwani ya ziwa hili, wale wapulizao vibuyu na kujipanga mistari kama askari: nusu ya kazi yao ni ya macho, na santuri haina macho.

Wapo waliojaribu. Franz Ferdinand Rietzsch, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1930, alichunguza kwa makini jinsi wenyeji waimbavyo, akaona kwamba si kila sauti ya tenzi za Kijerumani yakubaliana na vinywa vyao. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake mwaka wa 1950, na mwaka wa 1954 akaanzisha Afrika Kusini nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika, ambayo ingali ikifanya kazi. Lakini kampuni za biashara zilitafuta kinachouzwa, na kilichouzwa kilikuwa cha miji. Hivyo mpenzi wa santuri wa Kyela hujikuta katika hali ngeni: ana santuri mbili za Unguja za kulinganisha, ana tatu za Ulaya, na ngoma ya babu yake hana hata moja. Santuri ya pili ya ngoma hiyo, na ya kwanza pia, imo kichwani mwa wazee. Ndiyo maana katika baraza yetu ya Ipinda hatupendi mzee anyamaze wakati wa kugeuza santuri. Aulizwe: “Baba, ngoma ya Matema na ya Ipinda ziliachana wapi?” Naye atajibu kwa mikono juu ya meza, na vijana watasikia tofauti ambayo hakuna kampuni iliyoinasa.

Mwisho ni habari za utunzaji, kwa wale ambao bado wana santuri za zamani za babu zao sandukuni. Nchi yetu ni ya joto na unyevu, mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka, na ukungu hupenda santuri. Zisilazwe moja juu ya nyingine, bali zisimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua na mbali na dari ivujayo. Zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Zisiguswe kwa spiriti kamwe, kwa kuwa zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, na spiriti huuyeyusha utomvu huo. Upande mzima wa wimbo hufutika kwa dakika moja.

Na kabla ya kumwazima jirani, andikeni katika daftari jina la mwimbaji, jina la wimbo, na namba. Ile iliyopigwa chapa kwenye karatasi ya katikati si ya kutosha, maana mende huila karatasi. Geuzeni santuri kuelekea mwanga, mtazame pale penye weusi mtupu kati ya karatasi na mistari ya wimbo. Mtaona namba nyingine ndogo iliyochorwa katika utomvu wenyewe, nayo hubaki hata karatasi ikiliwa yote.